IPS, VA au OLED: kasoro ipi ya kioo macho yako yataivumilia?

Saa sita mchana, kwenye duka la TV pale Kariakoo, vioo vyote vilivyotundikwa ukutani vinapendeza. Maua yanachanua, samaki wa rangi wanapita, jiji la usiku linawaka taa. Muuzaji anakuonyesha rimoti, unalipa, bajaji inakufikisha nyumbani. Usiku ule ule unazima taa ya sebule ili utazame filamu, na pembe ya chini kushoto inatoa mwanga wa manjano kana kwamba kuna mshumaa nyuma yake. Umeuziwa kibovu? Mara nyingi hapana. Kioo ni kile kile ulichokiona dukani. Chumba ndicho kimebadilika, na macho yako yamebadilika pamoja nacho.

Kazi yangu ni kutengeneza TV, na malalamiko ya namna hii nayapokea kila mwezi. Mama mmoja aliniletea TV ya inchi 43 akasema, "Fundi, katikati pana uchafu hautoki. Nimefuta mpaka mkono umechoka." Mume wake, aliyekuja naye, akaniambia, "Mimi sioni kitu, fundi, labda wewe utaona." Nikaweka picha ya kijivu kitupu, kioo kizima. Kimya. Kisha baba akanyoosha kidole: "Aah, hapa." Walikuwa wanasema kweli wote wawili. Mama alikuwa anatazama mpira kila Jumamosi, na baba alikuwa anatazama taarifa ya habari tu. Nitaeleza mbele kwa nini mpira ndio uliomwonyesha mama lile doa.

Kioo kisicho na kasoro sijawahi kukifungua. Kila aina ya kioo ina ukoo wake wa kasoro, na ukoo huo unajulikana kabla hujatoa pesa. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kwa kasoro: zipi jicho huzikamata, zipi huziachia, na nyumba ya namna gani inafaa kioo gani.

Majina kwanza, maana yanapotosha

"TV ya LED" inayouzwa madukani ni LCD. LED ni taa zilizopangwa nyuma au pembeni ya kioo, na kioo chenyewe ni maji ya fuwele yanayoziba au kupitisha mwanga wa taa hizo. QLED pia ni LCD, iliyoongezewa tabaka la chembe ndogo mno zinazosafisha rangi. OLED ni kitu kingine kabisa: kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, inatoa mwanga wake yenyewe, na pikseli nyeusi imezimika kweli. Herufi moja tu inatenganisha QLED na OLED, na nimewaona watu wakilipia moja wakiamini ni nyingine.

Ndani ya LCD kuna aina mbili utakazokutana nazo zaidi. IPS ilitoka Hitachi ya Japani mwaka 1996, na fuwele zake huzunguka zikiwa zimelala sambamba na kioo. Kwenye VA fuwele husimama wima pikseli inapokuwa nyeusi. Tofauti hiyo ya kulala na kusimama ndiyo mzizi wa karibu kila kitu nitakachosema. Kuna TN pia, ambayo bado ipo kwenye laptopu za bei ya chini: ukiisogeza juu au chini kidogo, nyuso zinageuka kama negativu ya picha. Kama una uwezo wa kuikwepa, ikwepe, na sina zaidi la kuieleza.

Jicho linapima vipi

Jicho zima lina kikomo cha kutenganisha vitu viwili kinachokaribia moja ya sitini ya digrii. Kwa umbali wa mita mbili kikomo hicho ni kama milimita 0.6. Pikseli ya TV ya inchi 43 yenye ubora wa 1920 kwa 1080 ni nusu milimita. Maana yake, ukikaa kochini pikseli moja moja huzioni. Hata hivyo pikseli moja iliyoganda ikiwaka juu ya picha nyeusi utaiona, kwa sababu ile ile inayokufanya uione nyota: nyota haina upana wowote unaopimika kwa macho, lakini mwanga wake unafika. Nukta nyeusi juu ya picha nyeupe haina bahati hiyo. Mwanga wa majirani zake unaifunika.

Rangi nayo ina uzito wake. Katika picha za TV, kijani hubeba takriban asilimia 72 ya mwanga ambao jicho linauhesabu, nyekundu asilimia 21, bluu asilimia 7 tu. Kila pikseli ina vipande vya rangi hizo tatu, kwa hiyo kipande cha kijani kilichoganda kikiwaka ni kero, na cha bluu kilichoganda pahali pale pale unaweza kuishi nacho miaka bila kukijua.

Madoa mapana yana sheria nyingine. Wajapani huita hali ya kioo kutokuwa sawasawa *mura*, na neno hilo limekuwa la viwanda vyote duniani. Mwaka 2002 shirika la viwanda la SEMI lilitoa kanuni ya kuipima, iliyotokana na kile ambacho watu wenyewe wanaweza kukiona. Ukifuata hesabu yake, doa la milimita mraba moja linahitaji kutofautiana na jirani zake kwa karibu asilimia 2.7 ndipo liwe mwanzo wa kuonekana. Doa la sentimita mraba moja linatosha asilimia 1.2 hivi. Asilimia moja ya mwanga! Ndiyo sababu kiwanda chenye mashine za mamilioni ya dola bado kinatoa kioo chenye doa ambalo mama wa nyumbani analiona.

Ila ukubwa ukizidi, jicho linaanza kusamehe tena. Jicho lina ukali zaidi kwa michoro inayojirudia mara mbili hadi tano ndani ya digrii moja. Kwa mita mbili hiyo inaangukia madoa yenye upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja, ukubwa wa ukucha. Kioo kinachofifia polepole kutoka katikati kwenda pembeni kinaweza kupungua mwanga kwa asilimia 20 na hakuna mtu sebuleni atakayesema neno. Hapo hapo kuna jambo linalowashangaza wateja wangu: ukirudi nyuma, doa pana linaonekana *zaidi*. Mkanda wa sentimita nne usioonekana ukiwa karibu unasinyaa machoni unaporudi nyuma, mpaka unafika kwenye ukubwa ambao jicho linaupenda. Ukitaka kukagua mura, simama mlangoni.

Na kingo. Ernst Mach alieleza mwaka 1865 kwamba pale mwanga unapobadilika ghafla, jicho huongeza chumvi: upande wa giza huonekana giza zaidi, upande wa mwanga huonekana mwangavu zaidi. Anga la jioni kwenye filamu linapokatika vipandevipande kama ngazi, zile ngazi zenyewe ni hafifu sana; jicho lako ndilo linalozichonga. Kabla hujailaumu TV, hakikisha si video ya intaneti iliyobanwa kupita kiasi. Cheza faili safi kwa flashi, na ngazi zikibaki, hapo ni kioo.

Sasa turudi kwa mama na mpira. Tangu mwaka 1804, alipoandika daktari wa Uswisi Ignaz Troxler, inajulikana kwamba kitu chenye kingo laini, kikikaa mahali pamoja huku jicho limetulia, hufifia mpaka kupotea. Doa la mura lina sifa hizo zote: laini, halisogei. Mtangazaji wa habari amekaa, nguo yake ina mikunjo, ukuta nyuma yake una michoro. Doa linafichika humo. Kisha kamera inafuata mpira kutoka goli hadi goli. Uwanja ni kijani kitupu, na picha nzima inahama isipokuwa kile kivuli. Kitu kisichohama pamoja na vingine hakijifichi. Picha za dukani, zile za maua na samaki, zimejaa vitu vidogo vidogo vyenye rangi kali. Ni maficho mazuri kuliko yote.

Chumba cha giza: VA inaishinda IPS, OLED inazishinda zote

Kwenye LCD nyeusi ni taa iliyozibwa, na hakuna kizibo kinachoziba kabisa. IPS ya kawaida huwa na uwiano wa karibu 1000 kwa 1 kati ya nyeupe na nyeusi. VA hufika 3000 kwa 1, na nyingine zaidi. Mchana, dirisha likiwa wazi, huwezi kuzitofautisha, maana mwanga wa chumba unaojirudi kwenye kioo ni mwingi kuliko huo unaovuja. Usiku taa ikizimwa, nyeusi ya IPS inakuwa kijivu cha moshi, na ukungu wa pembeni unajitokeza.

Ukungu huo una aina mbili na watu wanazichanganya. Wa kwanza ni tabia ya IPS yenyewe: ukiitazama pembe ya kioo kwa mshazari, inang'aa fedha au manjano. Wa pili ni taa kuvuja kweli, pale fremu ilipobana kioo vibaya. Namna ya kuvitofautisha ni rahisi: sogeza kichwa, au rudi nyuma hatua tatu. Ukungu ukihama au kupungua, ni tabia ya IPS na kubadilisha TV hakutasaidia kitu. Ukibaki pale pale, taa inavuja, na hiyo ndiyo ya kurudisha dukani waranti ikiruhusu.

VA haina ukungu huo wa mshazari, lakini ina wake wa "mawingu": mabaka mepesi katikati ya kioo cheusi, hasa kwenye TV ambazo taa zimepangwa ukingoni. Kwa kuwa nyeusi yake imeshuka zaidi, mabaka haya huwa hafifu. Kama nyumba yako mnatazama tamthilia usiku taa zikiwa zimezimwa na bajeti haifiki OLED, VA ndiyo jibu langu bila kusita.

OLED gizani haina mpinzani. Hakuna taa, hakuna kuvuja. Ila usidhani haina mura. Kasoro yake iko kwenye kijivu cha giza sana, asilimia tano hivi ya mwanga: hapo mikanda myembamba ya wima hujitokeza, kwa kuwa kila pikseli inaendeshwa na transista zake, swichi ndogo mno za umeme, na hakuna mbili zinazofanana kabisa. Utaiona kwenye tukio la msitu wenye ukungu usiku. Kwingineko ni nadra.

TV za LCD zenye taa nyingi zinazozimwa kwa makundi husogea karibu na OLED, lakini huacha duara la mwanga kuzunguka kitu cheupe kwenye giza. Maandishi ya tafsiri chini ya filamu ndiyo huonyesha kasoro hiyo upesi kuliko kitu kingine.

Sebule ya watu wengi: hapa IPS inarudisha heshima

Angalia jinsi tunavyokaa. TV iko juu ya kabati au imetundikwa ukutani karibu na dari. Wazazi wako kwenye makochi ya pembeni, wageni kwenye viti vya plastiki karibu na mlango, watoto chini kwenye mkeka, mita moja kutoka kwenye kioo, wakitazama juu. Katika watu kumi, mmoja au wawili ndio wako mbele kabisa.

Kwenye VA, anayekaa pembeni anaona picha iliyopauka: nyeusi imekuwa kijivu, ngozi za watu zimefifia, jezi nyekundu imekaribia rangi ya waridi. Sababu ni zile fuwele zinazosimama. Ukiziangalia kwa ubavu, zinapitisha mwanga usiopaswa kupita. IPS inashika rangi vizuri zaidi hata ukiwa pembeni sana. OLED pia.

Sanduku halitakuambia hivyo. IPS na VA zote zitaandikwa digrii 178. Namba hiyo hupimwa kwa kuangalia tu kama uwiano wa nyeupe na nyeusi bado haujashuka chini ya 10 kwa 1, na picha yenye uwiano wa 10 kwa 1 hakuna mtu atakayeiita nzuri. Usilinganishe TV kwa namba hiyo. Tembea. Sogea kushoto mpaka karibu na ukuta wa duka, chuchumaa kama mtoto wa mkekani, na utazame uso wa mtu kwenye picha. Uso ukipauka, ni VA. Hii ni njia nzuri pia ya kujua aina ya kioo, kwa sababu maduka mengi hayaandiki, na modeli moja inaweza kutoka na vioo vya aina tofauti kulingana na ukubwa au kundi la uzalishaji.

VA ina udhaifu mwingine ambao vijana wa gemu wanaujua: kutoka nyeusi kwenda kijivu cha giza fuwele zake huchelewa. TV ya hezi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, fuwele zikichukua muda mrefu kuliko huo, kitu cheusi kinachokimbia huburuta mkia. Kwenye mpira wa mchana hutaona. Kwenye gemu la usiku utaona kila dakika.

Pikseli iliyokufa: nani ana haki ya kulalamika?

Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600. Cha 4K kina 8,294,400, na kila moja ina vipande vitatu, jumla karibu milioni 25. Kipimo cha kimataifa cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na mfululizo wa ISO 9241 mwaka 2008, kilipanga vioo kwa madaraja. Daraja la pili, ambalo ndilo viwanda vingi vililifuata, liliruhusu kwa kila pikseli milioni moja mbili zinazowaka daima, mbili zilizozima daima, na vipande vitano vyenye hitilafu. Kwa kioo cha milioni mbili maana yake ni nne zinazowaka, nne zilizozima, vipande kumi vibovu, na bado kiwanda kinaweza kukwambia kioo ni kizima.

Mimi naona kipimo hicho kilikuwa cha haki kwa kiwanda kuliko kwa mnunuzi, maana kinahesabu nukta bila kuuliza ziko wapi. Nukta ya kijani katikati ya monita ya inchi 24 ni adhabu: pikseli ya monita hiyo ni milimita 0.28, nawe unakaa sentimita 60 mbali, hivyo ni kubwa kupita kikomo cha jicho mara moja na nusu. Nukta ile ile kwenye TV ya 4K utakayoitazama kutoka mita tatu ni vigumu kuiona, labda ikiwaka juu ya picha nyeusi. Ukinunua monita ya kazi, kagua nukta kwa makini ya mfua dhahabu. Ukinunua TV, tumia muda huo kukagua madoa.

Vidoa vyeupe: kasoro inayokuja baadaye

Hii sitaipita haraka, kwa kuwa ndiyo inayojaza benchi langu. TV nyingi za bei nafuu za inchi 32 hadi 55 zina mistari ya LED nyuma ya kioo, na juu ya kila LED kumebandikwa lenzi ndogo ya plastiki kama kitufe. Kazi ya lenzi ni kuutawanya mwanga. LED ina joto, gundi inachoka, na kwa kuwa TV imesimama wima, lenzi inaanguka. Mwanga usiotawanywa unapiga kioo moja kwa moja, na wewe unaona doa jeupe la mviringo, kali, lenye ukubwa wa sarafu. Mwezi unaofuata yako mawili. Baada ya muda ni kama taa za barabarani.

Jicho haliisamehi kasoro hii. Tofauti ya mwanga ni kubwa mno kuliko ile asilimia moja, ukubwa wake uko ndani kabisa ya eneo ambalo jicho ni kali, na kingo zake si laini kiasi cha kufifia. Habari njema ni kwamba kioo chenyewe ni kizima. Fundi anaondoa kioo, anabandika lenzi upya au anabadilisha mistari ya LED, anarudisha. Hatari iko kwenye kukiinua kioo, maana ni chembamba na kikipasuka TV imekwisha. Mwulize fundi mapema nani atabeba hasara hiyo.

Ndugu yake ni picha kugeuka bluu au zambarau. LED nyeupe ni LED ya bluu iliyofunikwa unga wa manjano. Unga huo ukiungua kwa joto, bluu inabaki uchi. Na LED moja ikikatika kwenye mstari uliounganishwa mfululizo, taa zote zinaweza kuzima: sauti ipo, picha hakuna, lakini ukimulika tochi karibu na kioo unaona watu wanatembea gizani.

Kinga ni moja: mwanga. TV hutoka kiwandani mwanga wa nyuma ukiwa umepandishwa ili ing'ae dukani. Ushushe hadi nusu au robo tatu siku ya kwanza. Usiku macho yako hayahitaji zaidi, na gundi na unga vitakushukuru kwa miaka.

OLED haina lenzi wala LED za nyuma, kwa hiyo ugonjwa huu haipati. Yake ni kuungua: nembo ya chaneli, ubao wa magoli, mkanda wa habari unaopita chini, vikikaa pahali pamoja saa nyingi kila siku, pikseli zile huchakaa kuliko jirani zake na kivuli kinabaki. Kingo za herufi ni kali, kwa hiyo kivuli hicho ni rahisi mno kukiona kwenye rangi tupu. TV hizi hujirekebisha zenyewe ukizizima kwa rimoti baada ya matumizi ya saa kadhaa. Zinahitaji umeme ubaki ukutani ili zifanye kazi hiyo. Sasa fikiria nyumba zetu: wengi tunazima swichi ya ukutani kila usiku, LUKU inaisha, umeme unakatika. Ukinunua OLED badilisha mazoea hayo, au marekebisho hayo hayatafanyika.

Nani achukue nini

Kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, baa, ukumbi wa hoteli, mapokezi ya ofisi: LCD, tena IPS. Watu wanakaa kila upande, taa zinawaka, chaneli ni ile ile kuanzia asubuhi. OLED pahali hapo itabeba kivuli cha nembo kabla haijarudisha pesa yake.

Familia ya watu wengi, TV mchana kutwa, watoto mkekani: IPS. Wawili au watatu wanaotazama filamu usiku wakiwa mbele ya kioo: VA, na kama mfuko unaruhusu na hamuachi chaneli moja siku nzima, OLED. Mpenzi wa mpira asiyekubali madoa asijali sana aina. Aangalie kioo kimojakimoja, kwa sababu mura hutofautiana kati ya TV mbili zilizotoka kwenye boksi za modeli ile ile. Hapo dawa ni kupima.

Nenda dukani na flashi yenye picha tano za rangi tupu: nyeusi, nyeupe, kijivu cha katikati, kijivu cha giza, kijani. Mwombe muuzaji akutestie TV *hiyo* utakayoibeba, si ile ya ukutani. Kwenye kijivu rudi nyuma mpaka mlangoni, kisha zungusha kichwa taratibu kushoto na kulia ili macho yasitulie. Kwenye nyeusi zungushia viganja machoni kama unachungulia kwenye dirisha, nusu dakika, ili macho yazoee giza. Nyeupe na kijani ni za kutafuta nukta na rangi isiyo sawa. Kama unaye kijana, mwende naye. Ukali wa macho kwa tofauti hafifu hupungua kadiri umri unavyosogea, na mtoto wa miaka kumi na tano ataliona doa ambalo babu yake ataapa halipo. Ila kama TV ni ya babu peke yake, mwache babu ndiye achague.

Onyo moja. Doa likishaonyeshwa, halisahauliki kirahisi. Yule baba niliyemtaja mwanzo aliniambia baadaye kwamba sasa kila mechi analiona. Kwa hiyo fanya upimaji dukani, kabla ya kulipa. TV ikishafika nyumbani na wote wameridhika, usiwatafutie ugonjwa.

Na simu, kwa ufupi

Simu za AMOLED ni OLED, na zile "used" za kutoka Dubai au Ulaya zinazouzwa mtaa wa Aggrey, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, zimekwisha kuishi maisha yao. Pikseli zake ni ndogo kuliko kikomo cha jicho, nukta hazina shida. Weka picha ya kijivu, mwanga juu, tazama pale panapokaa saa na betri, kisha chini palipo kibodi. Kivuli kipo au hakipo. Nyeupe ikiegemea manjano, bluu imechakaa, kwa kuwa bluu ndiyo huzeeka kwanza.

Kama unaumwa kichwa ukisoma simu usiku, jua kwamba simu nyingi za AMOLED hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima, baadhi yake karibu mara 240 kwa sekunde. Ukitulia huoni kitu, lakini macho yakiruka kutoka mstari hadi mstari yanahisi. Shusha mwanga mpaka chini, ifungue kamera ya simu nyingine uielekeze kwenye kioo: mikanda mizito myeusi ikitembea, simu hiyo si yako, tafuta yenye IPS.

Mwisho, kama muuzaji anakuambia kioo ni AMOLED cha kiwandani, omba muingie sehemu yenye giza, fungua picha nyeusi tupu. Cha kweli kitapotea kabisa, usijue kama simu imewaka. Kikitoa mwanga wa moshi, wamebadilisha wakaweka LCD, na bei mnaianza upya.